Chumvi, Presha na Kiharusi

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa na Afisa Elimu)

 Ndugu wasikilizaji, somo hili ni la nyote mliokusanyika kusikiliza, na hasa wanakisomo wa Gwarama na vijiji vya jirani, katika wilaya ya Kakonko, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo.  Walimu wa madarasa, tafadhali futeni ubao na chaki iwe tayari, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Somo letu ni habari za ugonjwa wa kiharusi, na namna chumvi tunayoitia chunguni inavyohusika nao. Mtu ameamka mzima, amekwenda shamba, na kabla ya jua kuwa la utosi jembe limemponyoka mkononi. Mdomo umekwenda upande. Akitaka kusema, maneno hayatoki, au yanatoka yamechanganyika. Mguu mmoja haumtii tena. Hicho ndicho kiharusi. Wengine husema amepigwa na upepo mbaya, wengine husema ametupiwa kitu na adui.

Tuanze na mwili wenyewe. Moyo ni pampu. Husukuma damu katika mishipa usiku na mchana bila kupumzika. Damu inapopita husukuma kuta za mshipa, na nguvu ya msukumo huo ndiyo tunayoiita presha, au shinikizo la damu. Kila mtu aliye hai ana presha. Asiye nayo amekwisha kufa. Kwa hiyo mtu akisema, "Mimi nina presha," maana yake presha yake imezidi kipimo. Ukipimwa utaambiwa hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu wakati moyo unapobana, ya pili ni nguvu wakati moyo unapolegea. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na zikaonekana hivyo siku zaidi ya moja, hiyo ni presha ya kupanda.

Sasa fikirini mpira wa maji. Maji yakipita humo kwa nguvu nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpira huchoka. Huwa mgumu, huchubuka ndani, na siku moja hupasuka. Mishipa ya ubongo ni membamba sana. Ukipasuka mmoja, damu humwagika ndani ya kichwa. Au hupasuki, bali hupata uchafu ndani, damu ikaganda na kuziba njia. Kwa njia yo yote kati ya hizo mbili, sehemu ile ya ubongo hukosa damu na kuanza kufa. Kama ni sehemu inayoongoza mkono wa kulia, mkono wa kulia hulala. Mkono wenyewe hauna kosa. Aliyekuwa akiupa amri ndiye aliyenyamaza.

Na presha yenyewe haina maumivu. Mtu aweza kuwa nayo miaka kumi, analima, anacheka, anabeba mzigo, asijue. Ndiyo sababu haifai kungoja kuumwa kichwa ndipo ukapimwe.

(Hapa palipigwa muziki mfupi, darasa lipate kuandika maneno KIHARUSI, PRESHA na MSHIPA.)

Haya, tuendelee. Labda yupo anayesema moyoni, "Ugonjwa huu ni wa matajiri wa mjini. Sisi watu wa jembe unatuhusu nini?" Swali hilo lilipata majibu hapa hapa Tanzania, na ningependa mjue namna majibu hayo yalivyopatikana, maana mtu akikuletea habari yafaa umwulize ameipataje.

Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti waliandika vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai huko Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Walikuta vifo 7,629. Katika hivyo, 421 vilitokana na kiharusi. Na kwa watu wa umri wa miaka 15 mpaka 64, vifo vya kiharusi katika sehemu zote tatu vilizidi sana vile vya Uingereza vya miaka hiyo, hata Morogoro, iliyokuwa na watu maskini kuliko zile mbili. Jambo hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba kiharusi ni ugonjwa wa nchi za shibe.

Wakarudi kazini. Kuanzia Juni 2003 mpaka Juni 2006, miaka mitatu kamili, walihesabu watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza, katika Hai na katika mitaa ya Dar es Salaam. Hawakukaa hospitali kungoja wagonjwa, kwa sababu wengi hawafiki hospitali. Walikuwa na wajumbe vijijini na mitaani, watu wanaojua nani ameugua nyumba gani. Na mtu akifa kabla ya kuonwa, jamaa zake waliulizwa kwa utaratibu: alianzaje, alilegea upande gani, aliweza kusema? Hivyo hata waliokufa nyumbani waliingia katika hesabu.

Mwalimu, andika ubaoni. Hai walikuwako watu 159,814. Katika miaka mitatu waliopatwa na kiharusi walikuwa 453. Gawanya kwa 3. Mnapata 151 kwa mwaka mmoja. Watu 151 kati ya watu 159,814 ni sawa na watu 94 na nusu hivi kati ya kila watu laki moja. Sasa Dar es Salaam. Walikuwako watu 56,517, na waliougua ni 183. Gawanya kwa 3, mnapata 61. Hao ni sawa na karibu 108 kati ya kila laki moja.

Mtu akitazama haraka atasema kwamba 94 na 108 hazitofautiani sana, basi mji na shamba ni mamoja. La, hasha. Hapo pana mtego. Chukueni mfano wa baiskeli. Kijiji kimoja kina baiskeli mia, nyingi zimekwisha kuwa kuukuu. Kijiji cha pili nacho kina baiskeli mia, lakini nyingi ni mpya. Mwisho wa mwaka kila kijiji kimevunjikiwa na baiskeli kumi. Je, barabara ya kijiji kipi ni mbaya zaidi? Bila shaka ni ya kijiji cha pili, inayovunja hata baiskeli mpya. Ndivyo ilivyo kwa watu. Vijana wa Hai wengi huenda mjini, wazee wakabaki. Na Dar es Salaam imejaa vijana. Watafiti waliposawazisha umri, yaani walipofanya hesabu kana kwamba sehemu zote mbili zina wazee na vijana kwa kadiri ile ile, Hai ilitoka 108.6 na Dar es Salaam 315.9. Karibu mara tatu!

Kwa hiyo mjini hali ni mbaya zaidi, lakini shamba hatukusalimika. Tena kulikuwa na upimaji mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, wa presha za watu wazima wa Ilala mjini na wa Shari huko Hai. Katika sehemu zote mbili, karibu watu watatu katika kila kumi walikuwa na presha ya kupanda. Kati ya wenye presha hao, waliojua kwamba wanayo hawakufika wawili katika kumi. Waliokuwa wakipata dawa walikuwa kama mmoja katika kumi. Na ambao presha yao imeshuka kweli mpaka mahali pazuri, hata mmoja katika mia hakufika. Mimi naona hesabu hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote nilizowasomea leo.

Baadaye wakawachukua wagonjwa 200 wa kiharusi na watu 398 wasio na kiharusi, wakalinganisha maisha yao. Presha ya kupanda ilionekana kuwa adui, mjini na shamba. Uvutaji wa tumbaku ulikuwamo. Ugonjwa wa kisukari ulikuwamo. Na jambo ambalo wengi hawakulitazamia: virusi vya UKIMWI navyo vilikuwamo, maana maambukizo yaweza kudhuru mishipa ya damu kama vile chakula kinavyoweza. Anayetumia dawa za virusi hivyo asiziache, na presha yake ipimwe pia.

Kuhusu upepo na uchawi, nitasema kwa adabu. Wataalamu waliwauliza watu wa Dar es Salaam na wa Hai, kiharusi huletwa na nini? Watu wa mjini ndio waliotaja sana majini na uchawi. Watu wa Hai, wakulima, walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo. Tunaambiwa kila siku kwamba wa shamba ndio wenye giza. Siku hiyo wakulima walijibu vizuri kuliko watu wa taa za umeme.

(Muziki.)

Sasa tuje kwenye chumvi. Sisi watu wa Kigoma hatuna haja ya kufundishwa thamani ya chumvi. Uvinza, upande wa kusini wa mkoa wetu, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbuaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale yapata miaka 1,500 iliyopita. Kabla ya wakoloni, wakati wa kiangazi watu wa Uha na wa nchi nyingine walikwenda Uvinza kuchemsha maji yale katika vyungu, wakawapa watemi wa Kivinza fungu lao, kisha wakarudi na mizigo vichwani. Mzigo wa chumvi ulikuwa mali. Mtu aliyetembea siku nyingi kwa miguu kuitafuta hakuimwaga ovyo katika chungu. Leo pakiti iko dukani, bei yake ni ndogo, na mkono umekuwa mwepesi.

Chumvi hufanya nini mwilini? Nyote mmeona chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika: hulowa, kwa kuwa huvuta maji. Katika damu nayo huvuta maji. Maji ya damu yakizidi, mishipa ni ile ile, basi msukumo hupanda. Figo hujaribu kuitoa chumvi hiyo kwa njia ya mkojo, lakini mzigo ukiwa mkubwa kila siku, figo huchoka na mishipa hukakamaa. Kitu chenyewe ndani ya chumvi kinachofanya hayo huitwa sodiamu. Na kinyume chake kiko kitu kingine, potasiamu, kinachosaidia figo kuitoa sodiamu na kulegeza mishipa. Potasiamu imo katika maharage, ndizi, viazi vitamu, mihogo, na mboga za majani kama matembele na kisamvu, au sombe kama wengi wetu tunavyosema.

Hapa Afrika Mashariki mambo hayo yalionekana kwa macho. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliandika habari za kazi yake huko South Kavirondo, nchi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Alipima presha za wanaume wapatao 1,000. Hakuona presha ikipanda kwa uzee kama kwao Ulaya. Baada ya miaka 40 ilishuka. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakumwona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Kweli, wengi hawakujua umri wao na ilibidi akisie, hivyo tusizishike hesabu zake kama kipimo cha seremala. Hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa wazi.

Basi ikawaje baadaye? Wataalamu wengine waliwafuata Wajaluo vijana waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi kutafuta kazi, na wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari zao zilichapishwa mwaka 1990. Waliohamia mjini presha yao ilianza kuwa juu ya ile ya wenzao mapema sana, tangu mwezi wa kwanza. Walipopima mkojo wao, waliona sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Ukoo ni ule ule, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha na sahani ya chakula.

Kuna jaribio moja kubwa la China lililochapishwa mwaka 2021, na namna lilivyofanywa yafaa kujulikana. Walichagua vijiji 600 na watu 20,995 waliokwisha kupatwa na kiharusi, au wazee wenye presha ya kupanda. Kisha wakapiga kura, kama tunavyopiga kura ya vijiti. Nusu ya vijiji waliendelea na chumvi yao ya kawaida. Nusu ya pili walipewa chumvi ambayo robo yake imeondolewa na mahali pake pametiwa chumvi ya potasiamu. Kwa nini kura? Kwa sababu kama vijiji vingechaguliwa kwa kupendelea, pengine vyenye afya vingekwenda upande mmoja, na jaribio lingekuwa la uongo. Wakangoja karibu miaka mitano. Waliokula chumvi ya kawaida, katika kila watu 1,000 walipatwa na kiharusi watu kama 34 kwa mwaka. Waliokula ile nyingine, kama 29. Watu watano katika elfu ni wachache mkiwaza kijiji kimoja, lakini wahesabuni kwa nchi nzima! Tena hakuna aliyelazwa wala kupasuliwa. Kilichobadilika ni kopo la jikoni tu.

Sisemi mwende kuitafuta chumvi hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo yaweza kumdhuru, basi asiitumie bila shauri la daktari. Sisi twaweza kupata potasiamu shambani kwetu, na sodiamu tukaipunguza wenyewe.

Tuipunguze mpaka wapi? Shirika la Afya la Dunia lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni chumvi yote ya siku, ya mchana na ya usiku, pamoja na iliyofichwa katika mkate na samaki. Mwalimu, andika tena. Nyumba ina watu wazima 6. Mara 5, ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Gawanya kwa 30: inatosha siku 16, na inabaki kidogo. Sasa, mama zangu, ninyi mnaojua pakiti hununuliwa lini: kwenu inamaliza siku ngapi? Kama nyumba hiyo yamaliza pakiti kwa siku 8, kila mtu anakula kiasi cha gramu 10, mara mbili ya kipimo. Kama kuna watoto wadogo, siku ziwe nyingi zaidi, maana wao huhitaji pungufu.

Wako wanaosema kwamba chumvi mbichi, ile ya kunyunyizwa juu ya chakula, ndiyo mbaya, bali ikipikwa haina neno. Si kweli. Moto hauiondoi sodiamu. Chumvi iliyopikwa ni chumvi.

Magadi nayo yana sodiamu. Mwenye kutia magadi katika maharage yaive upesi, kisha akatia chumvi, ametia mara mbili. Ni afadhali kuyaloweka maharage usiku kucha, kuni zitapungua vile vile. Dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokaushwa juani bila chumvi hawana ubaya, ni chakula kizuri. Lakini samaki aliyetiwa chumvi aloweshwe, maji yale yamwagwe, kisha apikwe bila kuongeza nyingine. Unga na vidonge vya mchuzi vya dukani ni chumvi zaidi kuliko kitu kingine, na anayevitia asitie chumvi tena. Mawese nayo yawe kwa kiasi, kwa kuwa karibu nusu ya mafuta yake ni ya ile aina isiyofaa kwa mishipa.

Mtaona chakula kimepooza. Ni kweli, siku za kwanza. Punguzeni kidogo kidogo, wiki hii robo, wiki ijayo tena, ulimi utazoea katika majuma machache. Limau, nyanya, kitunguu na pilipili husaidia sana. Lakini msiache chumvi kabisa, na msinunue isiyotiwa madini joto kwa kuwa ni rahisi. Madini joto ndiyo yanayozuia rovu, yaani uvimbe wa shingo, na mama mjamzito akiyakosa mtoto aliye tumboni huumia akili. Nunueni hiyo hiyo ya pakiti, muitie kwa uchache.

Aliyekwisha kuandikiwa dawa ya presha aile kila siku, hata akijiona mzima. Kujiona mzima si kipimo, tumekwisha kusema kwamba presha haiumi. Dawa ikiisha, arudi zahanati kabla ya siku kupita.

Na likitokea lenyewe? Tazameni vitu vitatu. Mwambie acheke: je, mdomo umekwenda upande? Mwambie ainue mikono miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme jina lake: je, maneno yamevurugika? Hata moja tu likionekana, tafuteni chombo cha kumpeleka hospitali saa ile ile, msingoje kesho. Mlazeni kwa ubavu. Msimpe chakula, wala maji, wala dawa ya kunywa, maana koo lake laweza kuwa limelegea akapaliwa. Aspirini msimpe, kwa kuwa ninyi hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka mtazidisha damu. Kumbukeni alianza saa ngapi, mumwambie daktari. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ambayo haiko katika zahanati. Kwa watu walio mbali na hospitali kubwa kama sisi, kibuyu cha chumvi na kipimo cha presha viko karibu zaidi.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mwanakisomo akifungua pakiti mpya ya chumvi, aandike tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha, aandike tarehe ya pili. Ahesabu siku, ahesabu watu wa nyumba, alete hesabu hiyo darasani, na mwalimu aiandike ubaoni bila kutaja nyumba ya nani.

Kwaherini.